Siku Moja Juu ya Mfereji: Kuendesha Boti Nyembamba Kutoka Bradford on Avon Hadi Dundas na Kurudi

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi kati ya Tanga na Pemba kwa miaka mingi. Alipokuja kututembelea hapa Reading, Uingereza, wakati wa kiangazi, nilimpeleka mferejini nikijua atacheka. Akasimama ukingoni, akaitazama ile boti: ndefu kama behewa la treni, na nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana ndani lazima mmoja ajibanze. Akauliza, "Sasa hii, mjomba, tanga lake liko wapi?" Nikamwonyesha injini. Akaguna. Lakini alipofika tezi, yaani nyuma ya boti, akaiona kana, ile fimbo ya chuma iliyopinda inayotoka kwenye usukani ulio chini ya maji, uso ukamfunguka. "Aa. Kumbe ni chombo."

Tangu hapo nimekwenda mara kadhaa, na kila nikirudi na picha watu huniuliza: leseni ulipata wapi? Nani alikufundisha? Si hatari? Leseni ya udereva wa boti haihitajiki kwa mtu anayekodi kwa matembezi. Mafunzo utapewa palepale gatini, nusu saa hivi. Yanayobaki ndiyo haya ninayoyaandika.

Ujue kwanza uko juu ya kitu gani

Mifereji ya Uingereza haikuchimbwa kwa ajili ya matembezi. Ilichimbwa kubeba makaa ya mawe, chokaa, nafaka na vyungu, enzi ambazo barabara zilikuwa matope matupu na reli hazijazaliwa. Farasi mmoja akitembea kando ya maji aliweza kuvuta mzigo ambao barabarani ungehitaji msururu wa mikokoteni. Ndiyo maana hadi leo kuna njia ya miguu ubavuni mwa mfereji; mimi huiita njia ya farasi, ingawa siku hizi ni ya wenye baiskeli na mbwa. Ukipita chini ya madaraja ya zamani, tazama kona za mawe utaona mifuo iliyochimbwa na kamba za hao farasi, kamba baada ya kamba, mpaka jiwe likalika.

Wembamba wa boti umetokana na loki, yaani vile vyumba vya maji vyenye malango vinavyopandisha na kushusha boti mahali penye mwinuko. Mhandisi James Brindley na wenzake, katika karne ya 18, walijenga loki nyingi za katikati ya Uingereza kwa upana wa futi 7 hivi, mita 2 na kidogo. Basi chombo kikalazimika kutoshea humo, na hadi leo boti hizi zina upana wa mita 2.08 tu, hata zikiwa na urefu wa mita 20.

Mfereji ninaouzungumzia ni Kennet and Avon, ambao unaanzia Reading na kuungana na mto hadi Bristol, maili 87, kama kilomita 140. Ulifunguliwa wote mwaka 1810. Mwaka 1852 ukaangukia mikononi mwa kampuni ya reli, yaani mpinzani wake, na unaweza kukisia alivyoutunza. Kufikia katikati ya karne iliyopita sehemu nyingine zilikuwa hazipitiki. Watu wa kujitolea wakaufufua kwa miaka mingi, na Malkia Elizabeth akaufungua upya Agosti 1990. Siku hizi unasimamiwa na Canal & River Trust, shirika la hisani lililochukua kazi hiyo kutoka serikalini mwaka 2012.

Chagua kipande kisicho na loki

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Wanafungua ramani, wanaona kule Devizes kuna ngazi ya loki 29 zinazopanda kilima cha Caen Hill, wanasema hapo hapo. Usifanye hivyo. Loki moja hula kama dakika 15 ukiwa mwepesi, na siku ya kwanza huwi mwepesi. Siku yote itaisha ukisukuma malango.

Kutoka mji wa Bradford on Avon kwenda magharibi hadi ukingoni mwa Bath kuna maili 9 hivi bila loki hata moja, ukifuata bonde la mto Avon lenye misitu pande zote. Kwa siku moja usijaribu kufika Bath na kurudi. Nenda hadi Dundas, kama kilomita 7, ukageuze huko. Njiani utavuka mto kwa daraja la maji mara mbili, yaani boti inaelea juu ya daraja na mto unapita chini yake. Ukirudi unavuka mara mbili tena.

Hesabu ya safari ni hii: chukua maili, ongeza idadi ya loki, gawanya kwa 3, unapata saa. Kikomo cha mwendo ni maili 4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka kidogo, lakini hutakifikia. Katika kipande hiki boti za watu wanaoishi humo zimefungwa ukingoni moja baada ya nyingine, na kila unapozipita lazima upunguze. Kwa hiyo zile maili 4 na nusu ambazo kwa hesabu ni saa moja na nusu, zipe saa mbili na nusu. Kwenda na kurudi ni saa tano, chakula saa moja na nusu. Siku imekwisha.

Kukodi, na cha kubeba

Boti za siku hukodishwa zaidi kati ya Aprili na Oktoba. Siku za katikati ya wiki ni nafuu kuliko Jumamosi na Jumapili, na Agosti shule zikiwa zimefungwa hujaa mapema. Mei na Juni ndizo ninazozipenda: mchana ni mrefu, majani mabichi, watu wachache. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: boti inachukua watu wangapi kwa kukaa wamestarehe (namba ya juu kabisa ni ya kubanana), amana ya uharibifu ni kiasi gani, na unaruhusiwa kufika wapi. Nyingine haziruhusiwi kupita loki kabisa, jambo ambalo kwetu si tatizo.

Kutoka Reading unapanda treni hadi Bath, kisha nyingine ndogo hadi Bradford on Avon. Kutoka kituoni hadi mferejini ni mwendo wa miguu tu, na njiani pana ghala kubwa la mawe la karne ya 14 walikokuwa wakiweka zaka ya nafaka. Ukilikuta wazi, ingia utazame paa lake la mbao. Mjomba alikaa mle dakika kumi akihesabu boriti.

Vaa viatu vyenye soli inayoshika. Ndara ziache nyumbani, maana chuma kilicholowa ni kama sabuni. Beba koti la mvua hata jua likiwaka, kofia, maji, na nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto. Boti nyingi zina jiko dogo la gesi, birika na vyombo, hivyo chai si shida. Sisi hubeba chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, kachori, kuku wa kukaanga na chupa ya tangawizi. Baa zipo njiani na chakula chao si kibaya, lakini mwenye kutafuta nyama halali atapata samaki na chipsi, basi.

Jambo moja nalisema kwa sauti, kwa sababu nawajua watu wetu na mishkaki: jiko la makaa lisiingie ndani ya boti. Hata likionekana limezima. Makaa yanayofifia hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba cha boti ni kidogo na kimefungwa. Ukitaka kuchoma, chomea nchi kavu, na jiko uliache huko mpaka lipoe kabisa.

Asubuhi gatini

Fika nusu saa kabla, tuseme saa tatu kama boti ni ya saa tatu na nusu. Mwenye boti atakuonyesha injini, choo, gesi, kamba, na atasafiri nanyi mita mia kadhaa. Usione haya kuuliza mara mbili. Mwachie kila mtu mzima ajaribu kushika kana wakati yeye bado yupo, maana akishashuka ameshuka.

Hakikisha umeonyeshwa vitu hivi kwa mkono wako mwenyewe: mahali pa kuzimia injini, honi, kamba tatu (ya omo, yaani mbele ya boti, ya katikati na ya tezi), vigingi vya chuma na nyundo ya kuvipigia, pondo la mbao la kusukumia boti, boya la kurushia, na majaketi ya uokozi. Watoto wavae majaketi tangu gatini mpaka gatini. Na mtu mzima asiyejua kuogelea avae bila kuona aibu. Mjomba, pamoja na bahari yake yote, alivaa la kwanza.

Choo cha boti kina tangi. Hakiingii kitu ambacho hakijapita tumboni mwa mtu.

Kuondoka

Injini ikiwa inanguruma na mkono wa gia uko nyutro, fungua kamba ya omo kwanza, halafu ya tezi. Kunja kila kamba vizuri na uiweke mahali ambapo haiwezi kuanguka majini, kwa sababu kamba ikifika kwenye propela safari imeishia hapo. Mtu mmoja aisukume omo itoke ukingoni kwa mguu au kwa pondo, kisha apande. Asirukie boti inayosogea. Ukimwacha ufukweni si neno, mtamchukua kwenye daraja linalofuata, atakuwa amewatangulia kwa miguu.

Halafu gia mbele, polepole.

Kushika kana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe.

Kana inakwenda kinyume. Ukiisukuma kulia, omo inakwenda kushoto. Waliozoea ngalawa wanalijua hili mwilini. Waliozoea gari huchukua dakika ishirini za vituko. Ushauri wangu: usifikirie kulia na kushoto. Ielekeze kana kwenye kile usichokitaka. Mti unakuja upande wa kushoto, sukuma kana kuelekea kwenye mti. Utauepa.

Pili, boti haigeuki kama gari, ambalo pua inatangulia na mkia unafuata. Inazunguka kwenye kitovu chake, karibu na katikati. Omo ikienda kushoto, tezi inachapa kulia. Kwa hiyo ukiwa umekaribia ukingo, ukageuza ghafla kutoka, mkia ndio utakaougonga.

Tatu, inachelewa. Unasukuma kana, hakuna kinachotokea, unasukuma zaidi, bado, halafu sekunde tatu baadaye omo inaanza kwenda na haitaki kuacha. Wageni wanakwenda upande upande kama mlevi anayerudi nyumbani. Dawa yake ni kusukuma kidogo, kusubiri, na kurudisha kana katikati kabla omo haijafika unakotaka. Mimi siku ya kwanza sikusubiri. Niliiingiza omo ndani ya mti uliolalia maji, matawi yakapita juu ya paa yakifagia kila kitu, na yalipotufikia huku nyuma yakachukua kofia ya Mjomba, ile ya kiua aliyoshonewa na marehemu mkewe. Hakusema neno. Alinyoosha mkono akaichukua kana.

Nne, na hili ndilo linalowashangaza wengi: usukani hufanya kazi pale tu propela inaposukuma maji juu yake. Ukiweka nyutro, huna usukani. Ukirudi nyuma, huna usukani. Ukiona unaelekea kugonga kitu, silika itakuambia uzime mwendo. Mara nyingine kinachotakiwa ni kuongeza moto kidogo kwa sekunde mbili, kana ikiwa imesukumwa mpaka mwisho, halafu upunguze tena. Breki hakuna. Breki ni rivasi, na chombo cha tani kumi au zaidi hakisimami kwa kuombwa.

Kwa sababu hiyohiyo ya tani kumi, mkono wala mguu usiwe kati ya boti na kitu kingine. Boti ni chuma, iache igonge. Mfupa si chuma.

Adabu za njiani

Kaa katikati ya mfereji, ndiko kwenye kina. Ukikutana na boti inakuja, sogea kulia na mpishane kushoto kwa kushoto, usijibanze ukingoni mapema maana utakwama. Salimia. Kila mtu mferejini husalimia, hata wale ambao wakiwa kwenye treni wasingekutazama.

Angalia nyuma yako mara kwa mara. Ukiona wimbi linavunjika ukingoni, unakwenda kasi mno, hata kama mtoto mwenye baiskeli amewapita zamani.

Boti zilizofungwa ndizo zinazohitaji adabu zaidi. Punguza mwendo mpaka injini inanong'ona, na punguza mapema, urefu wa boti mbili kabla hujaifikia ya kwanza, kwa sababu ukipunguza ukiwa ubavuni pake umeshachelewa. Maji unayoyasukuma huivuta ile boti mbele kisha nyuma, na kamba zikikaza zinaweza kung'oa vigingi. Mara yetu ya kwanza tulipita boti moja ya kijani, mama mmoja yuko mlangoni anamimina chai. Nilidhani nimepunguza. Nikaona birika lake, lililokuwa juu ya paa, linatembea. Polepole, kama lina miguu, likafika ukingoni mwa paa, yeye akalidaka kwa mkono wa kushoto bila kuacha kumimina kwa wa kulia. Kisha akanitazama. Tangu siku ile mimi hupita hapo kama mwizi.

Wavuvi wenye fimbo ndefu: usiongeze wala kusimama, pita katikati kwa mwendo uleule, watainua wenyewe. Madaraja ni ya mawe, yamepinda kama mgongo wa ng'ombe, na chini yake mfereji unabanwa. Iweke boti sawa mita ishirini kabla, ukishaingia usiguse kitu sana. Watu wote washushe vichwa. Watoto hawakai juu ya paa.

Na anayeshika kana asiguse kileo mpaka jioni.

Avoncliff

Baada ya kama maili moja na nusu utafika Avoncliff, na hapo mfereji unafanya kona kali kuingia kwenye daraja la maji, halafu kona kali nyingine kutoka. Huwezi kuona anayekuja. Piga honi ndefu, punguza, na mtume mtu mmoja omo awe macho yako. Kama kuna boti tayari juu ya daraja, subiri.

Daraja hili ni kazi ya John Rennie, mhandisi wa mfereji wote, nalo lina matao matatu. Lile la katikati lilibonyea muda mfupi tu baada ya kujengwa na mpaka leo limebonyea hivyohivyo. Chini yako unapita mto Avon, na pembeni reli. Kuna kituo kidogo cha treni ambacho treni husimama tu ukiipungia mkono, kama daladala.

Mbele yake, kuelekea Limpley Stoke, mfereji umening'inia ubavuni mwa kilima. Kipande hiki kiliwatesa wahandisi tangu mwanzo. Ardhi iliteleza na maji yakavuja, na katika miaka ya kuachwa kilikauka kabisa, mpaka kikawekewa sakafu ya zege. Leo hutaona dalili yoyote ila miti iliyofunga juu kama paa. Zima mazungumzo hapa. Mdiria wa huku ni mdogo, buluu inayong'aa, na utakachokiona ni mstari tu unaopita juu ya maji. Korongo wa kijivu yeye husimama hadi umfikie, kisha anaruka mita hamsini mbele, unamfikia tena, anaruka tena, na kila mara anaonekana kukerwa.

Kufunga kwa ajili ya chakula

Tafuta ukingo upande wa njia ya farasi, ulionyooka, usio chini ya daraja, kwenye kona, wala karibu na mahali pa kugeuzia. Ingia kwa pembe, omo kwanza, mwendo mdogo. Omo ikikaribia, rivasi kidogo kusimamisha. Mtu mmoja ashuke, ashuke si aruke, akiwa na kamba ya katikati mkononi. Kamba hiyo moja inatosha kuishikilia boti nzima wakati wengine wanapiga vigingi. Asiizungushe mkononi kamwe.

Piga kigingi kimoja mbele zaidi ya omo na kingine nyuma zaidi ya tezi, ili kamba zivute kwa mshazari na boti isiende mbele na nyuma. Vipige vichwa vyake vikiwa vimeinama kwenda mbali na boti. Kamba zisivuke njia, kuna waendesha baiskeli. Weka kitambaa cheupe au mfuko juu ya kila kigingi waone.

Kabla ya kula, naweni mikono kwa sabuni, wote. Maji ya mfereji huweza kuwa na mkojo wa panya, nao huweza kubeba ugonjwa unaoanza kama mafua na kuishia pabaya. Mwenye kidonda akifunge. Mtu aliyetumbukia akiugua homa siku zinazofuata, amwambie daktari kwamba alikuwa mferejini.

Kugeuza Dundas

Daraja la maji la Dundas ni zuri kupita lile la kwanza. Ni la mawe ya rangi ya asali, lina tao kubwa la katikati na madogo mawili pembeni, na limepewa jina la Charles Dundas, mwenyekiti wa kwanza wa kampuni ya mfereji. Lilipata hadhi ya mnara wa kale wa taifa mwaka 1951, la kwanza miongoni mwa majengo ya mifereji. Vuka, na upande wa pili mfereji unapanuka kuwa bwawa lenye winchi ya zamani ya kupakilia mizigo. Zamani mfereji mwingine wa makaa ya mawe ulikuwa unaungana hapa.

Kugeuza si kupiga duara kama gari. Ingiza omo ndani ya sehemu pana mpaka ikaribie kugusa, sukuma kana hadi mwisho, na mpe injini moto mfupi mbele: tezi itaanza kuzunguka. Nafasi ya mbele ikiisha, rivasi kidogo, kana katikati. Tena mbele. Mara tatu au nne umegeuka. Upepo ukivuma, mwachie upepo afanye kazi ya tezi. Mtu wa omo aangalie asigonge boti za wenzake.

Weka sheria hii kichwani tangu asubuhi: chukua nusu ya muda wako, toa nusu saa; muda huo ukiisha, popote ulipo anza kutafuta pa kugeuzia. Boti ndefu haigeuki mahali popote, inataka sehemu pana, na ramani ya mwenye boti inazionyesha.

Kama lazima upite loki

Nenda kwanza ukasimame Bradford, loki iko palepale karibu na gati, ukatazame wengine nusu saa. Wenyeji wamezoea watazamaji. Ukifika wakati wa kuijaribu mwenyewe, hatua ni hizi.

Kupanda: shusha mtu mwenye hendeli, ile ya chuma ya kufungulia vizibo vya maji. Hakikisha hakuna anayeshuka kutoka juu, maana loki ikiwa imejaa ni zamu yake. Kama hakuna, fungua vizibo vya chini utoe maji, kisha fungua malango ya chini kwa kusukuma boriti kwa makalio, si kwa mikono. Boti iingie, malango yafungwe, vizibo vya chini vifungwe. Fungua vizibo vya juu nusu tu, vile vya ardhini kwanza, usubiri boti itulie, kisha malizia. Ukifungua vya langoni mapema, maporomoko yatamwagika juu ya omo. Maji yakilingana, lango litafunguka lenyewe kwa kuegemewa, likikataa, hayajalingana. Mfereji huu una loki pana, boti mbili nyembamba zinaingia sambamba, kwa hiyo msubiri mwenzako, mtaokoa maji na nguvu.

Kushuka kuna hatari moja inayozamisha boti kweli. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha jiwe, hakionekani loki ikiwa imejaa. Maji yakishuka tezi ikiwa juu yake, tezi inabaki imekaa juu ya jiwe na omo inaendelea kushuka. Ukutani pana mstari mweupe. Boti iwe mbele ya mstari huo muda wote. Mtu wa vizibo asimtazame mbwa wala simu, amtazame nahodha. Ukiona boti imenasa, funga vizibo vya chini mara moja, kisha fungua vya juu maji yarudi.

Hendeli isiachwe kwenye kizibo hata dakika moja. Ikiponyoka inazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono.

Mambo yakiharibika

Umekwama: usilazimishe mbele, utazidi kupanda tope. Rivasi, watu wahamie upande wenye kina, sukuma kwa pondo dhidi ya kitu kigumu.

Injini inanguruma kwa taabu, boti inatetemeka na haiendi: kuna mfuko au kamba kwenye propela. Funga ukingoni, mpigie mwenye boti. Kama amekuruhusu kufungua kifuniko cha nyuma na kukata mwenyewe, zima injini na utie ufunguo mfukoni mwako, si mezani. Ukimaliza, kaza kifuniko sawasawa. Kikilegea, propela itajaza boti maji.

Mtu ametumbukia: gia nyutro papo hapo. Usirudi nyuma kumfuata, propela iko huko. Mwambie asimame. Sehemu kubwa ya mfereji maji yanamfika mtu mzima kiunoni au kifuani, na wengi huokolewa na sentensi hiyo moja.

Jioni

Rudi na dakika ishirini mkononi, kwa sababu kuegesha gatini mbele ya watu ni kugumu kuliko popote. Osha vyombo, kusanya taka, piga picha za ubavu wa boti kabla ya kukabidhi ufunguo. Amana yetu ilirudi yote.

Siku ile Mjomba alishika kana tangu ule mti mpaka gatini, isipokuwa dakika za kula na kuswali. Kijana wa boti alinyoosha mkono aipokee kamba, akamwambia asante, bwana, sasa iache kana. Mjomba akabaki na mkono wake juu ya chuma, akanigeukia. "Mwambie bado. Nataka nimwonyeshe alivyoikunja vibaya ile kamba ya omo."